Vumbi la Nyarugusu, vumbi la Arizona

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hakuna aliyeliogopa vumbi. Kiangazi kikikolea, barabara ya kwenda Kasulu ilitimka vumbi jekundu kutwa nzima, migomba ikabadilika rangi, nywele zetu zikabadilika, hata ugali ulisagika chembechembe mdomoni. Tulikung'uta nguo, tukapangusa uso, maisha yakaendelea. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na sheria nalo: kabla ya kufagia uwanja, lazima unyunyize maji. Hata zile siku ambazo foleni ya bombani ilifika njiani, na ndoo moja ilitakiwa itoshe kupika na kuoga, yeye alitenga kikombe kimoja kwa ajili ya ufagio. Mimi niliona ni maji yanayopotea. Ilinichukua miaka mingi na ugonjwa mmoja kukielewa kile kikombe.

Nilizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo. Tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 nikiwa mtoto wa miaka tisa, na kambi ndiyo iliyonilea, ikaniozesha, ikanipa watoto wawili. Julai 2016 tukahamishiwa Phoenix, Arizona: mimi, mke wangu, watoto na Mama. Tulipewa nyumba ya ghorofa ya pili upande wa magharibi wa jiji, yenye kibaraza kilichotazama South Mountain, ile milima ya kusini yenye minara ya televisheni ambayo usiku huwaka taa nyekundu.

Wiki ya tatu, saa kumi na mbili jioni hivi, joto likiwa bado nyuzi 44, Mama akaniita kibarazani. Minara haikuonekana. Baada ya dakika chache milima nayo haikuonekana. Mahali pake palisimama kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kimefunga upande wote wa kusini, juu kimejikunja kama mawingu, chini kimenyooka kama kimejengwa. Kilikuja bila sauti. "Mwanangu, ule ni moshi," Mama akasema. "Wamechoma mji." Mtu aliyekimbia vita hahitaji kuelezwa kwa nini aliwaza hivyo. Alikwisha kumbeba mjukuu mdogo mgongoni na kuanza kutafuta viatu.

Mimi nikafanya la kijinga kuliko lake. Nilishuka uwanjani na simu nikarekodi video ili niwapelekee jamaa kambini. Nilisimama pale mpaka ule ukuta ukanifikia, mdomo wazi, nikiwasimulia ninachokiona. Upepo ulinipiga ghafla, mwanga ukawa wa machungwa, kisha wa kahawia, kisha nyumba iliyokuwa hatua ishirini mbele yangu ikapotea. Aliyenivuta mkono alikuwa jirani yetu, mzee wa Kisudani kutoka Khartoum. "Habub! Habub! Ingia ndani!" Tulikaa kwenye ngazi zake tukikohoa. Baadaye ikanyesha mvua fupi, na matone ya mwanzo yalikuwa tope tupu. Magari yote ya uwanjani yakawa na madoadoa kama kanga. Kisha ikaja harufu ambayo mpaka leo naipenda, ya kile kichaka cha jangwani kiitwacho kreosoti kinapoguswa na maji.

Yule mzee ndiye aliyenieleza kuwa kwao habub ni neno la Kiarabu la upepo unaovuma kwa nguvu, na kwamba Khartoum hufunikwa namna hiyo hiyo mvua zinapokaribia. Neno lilifika Arizona mapema. Mwaka 1972 wanasayansi waliandika makala kuhusu tufani moja la hapa wakaliita habub la Kimarekani, kwa kuwa lilifanana kabisa na ya Sudan. Mwaka 2011 wakazi wengine wa Arizona walichukia kusikia watangazaji wakitumia neno la Kiarabu, wakaandika barua gazetini kulalamika. Mzee aliposimuliwa hayo alisema tu, "Neno letu limetutangulia." Aliyasema kwa fahari, nami nikafurahi pamoja naye.

Habub linavyotokea ni hivi. Msimu wa mvua za kiangazi huku huhesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Alasiri mawingu ya radi hujikusanya juu ya milima na jangwa. Wingu likichoka, hewa yake iliyopoa kwa mvua huanguka chini kwa kishindo, ikifika ardhini haina pa kwenda ila kutawanyika pande zote, kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Hewa hiyo ndiyo inayokomba udongo mkavu na kuuinua. Kwa hiyo vumbi hutangulia na mvua hufuata, ikija. Tufani la Julai 5, 2011, ambalo kila mwenyeji atakwambia alikuwa wapi siku hiyo, lilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu na upana wa kilomita zipatazo 160. Sikuwepo. Ila nilikuwepo Agosti 25, 2025, uwanja wa ndege wa Sky Harbor uliposimamisha safari na maelfu ya nyumba zikakaa gizani.

Nyumbani tulizoea haraka, na hapa sina mengi. Simu hupiga king'ora kwanza, watoto wenyewe hukimbilia madirisha. Taulo mbichi huwekwa chini ya mlango. Kiyoyozi tunakizima mpaka upite, na chujio lake tunalibadilisha kila mwezi wakati wa joto, maana likijaa hewa haipiti na bili ya umeme inapanda. Asubuhi yake hakuna kufagia pakavu: ni kitambaa kibichi tu. Sheria ya Mama ikawa sheria ya nyumba bila mtu kuitangaza.

Barabarani ndiko nilikokaribia kufa.

Mwaka 2017 nilipata kazi ya ujenzi Casa Grande, mwendo wa karibu saa moja kusini mwa Phoenix kwa barabara kuu ya I-10, ile iendayo Tucson. Tulikuwa wanne kwenye gari langu tukichangia mafuta, mmoja wao mzee wa Kimeksiko aliyekuwa ameishi hapa tangu ujana. Agosti, tunarudi jioni, vumbi likatukata kutoka ubavuni, kutoka kwenye mashamba yaliyolala bila mazao. Halikuwa ule ukuta mkubwa unaoonekana toka mbali. Lilikuwa kama pazia lililoangushwa. Sekunde moja naona gari la mbele, sekunde ya pili sioni hata boneti yangu.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote aliyejifunzia gari kwetu angefanya. Nilipunguza mwendo, nikatoka pembeni ya lami, nikasimama, nikawasha indiketa zote mbili ili wanaokuja nyuma wanione. Mguu wangu ukabaki kwenye breki. Nikamshukuru Mungu.

Yule mzee alikuwa kiti cha mbele. "Luces! Luces!" alipiga kelele kwa Kihispania, yaani taa, na kabla sijaelewa alishanyosha mkono akazima indiketa, akazima taa, kisha akanipiga gotini mpaka nikatoa mguu kwenye breki. Nilidhani amechanganyikiwa. Tukabaki gizani. Halafu nyuma yetu pakatokea taa mbili, juu sana, za lori, nazo zilikuwa zinatufuata sisi. Zilikuja moja kwa moja, kisha zikahama kushoto, na lori likapita karibu kiasi kwamba gari letu liliyumba. Hakuna aliyesema neno mpaka vumbi lilipotulia.

Sababu ni rahisi ukishaambiwa. Dereva asiyeona barabara hutafuta taa nyekundu ya kufuata. Akiona yako, anaamini uko barabarani unaenda, anaifuata mpaka akugonge. Idara ya Uchukuzi ya Arizona imekuwa ikiwafundisha watu hivyo kwa miaka: ukikutwa na vumbi toka kabisa nje ya lami, mbali kadiri uwezavyo, zima taa zote pamoja na indiketa, funga handibreki, toa mguu kwenye breki, usifungue mkanda, ngoja. Na kabla ya yote hayo, ukiliona vumbi mbele yako, usiliingie. Oktoba 29, 2013, karibu na mlima wa Picacho Peak, kwenye barabara hiyo hiyo, magari 19 yalirundikana ndani ya vumbi na watu watatu wakafa. Tangu mwaka 2020 sehemu ile ya maili kumi ina rada na vipima vumbi, na mabango ya umeme yanayoshusha mwendo kutoka maili 75 kwa saa hadi 35 kabla dereva hajaona kitu. Nayapongeza. Lakini vumbi halichagui maili zile kumi tu, na wenzetu wengi hutoka kambini, hupata leseni ndani ya miezi michache, huingia barabara kuu usiku huo huo kwenda kazini, hawajaambiwa habari ya kuzima taa. Kila familia mpya ninayoitembelea, hilo nalisema kabla ya chai.

Sasa kifua.

Kazi yangu pale ilikuwa ya mikono: kuchimba mitaro ya mabomba, kusawazisha udongo nyuma ya tingatinga. Huku kuna kanuni kwamba udongo ulowanishwe kabla na wakati wa kuchimba, na kila eneo la ujenzi huwa na boza la maji linalozunguka likinyunyiza. Pale kwetu boza lilichelewa mara kwa mara. Likichelewa, tulianza kuchimba bila kulisubiri, maana muda ni pesa za mtu. Tulipewa barakoa siku ya kwanza, zikaisha, hakuna aliyeulizia, hata mimi. Kwa joto la nyuzi 43 barakoa ni adhabu. Nilijiambia vumbi ni vumbi, nimelila tangu utotoni.

Oktoba 2018 nilianza kukohoa. Kohozi kidogo, homa ya jioni, kisha jasho la usiku lililolowesha shuka mpaka godoro. Magoti na vifundo vikauma kama vya mzee. Kwenye miguu, chini ya magoti, nikatokwa na manundu mekundu yenye maumivu. Uchovu wake sina neno la kuutosha. Nilikuwa napumzika nikiwa nimefika nusu ya ngazi za nyumbani.

Kwetu mtu akikohoa na kutokwa jasho usiku, jina la ugonjwa linajulikana kabla ya hospitali. Hakuna aliyelitamka. Mke wangu alinitengea sahani na kikombe, taratibu, bila kunivunjia heshima. Nililala sebuleni. Niliacha kwenda kanisani ili nisiulizwe. Jioni moja binti yangu mdogo alinikimbilia kunikumbatia nilipofungua mlango, nikamsukuma, akaanguka. Hilo sijalisahau.

Kliniki ya kwanza walinipa antibiotiki wakasema ni nimonia. Siku kumi, hakuna nafuu. Wakanipa nyingine kali zaidi. Hakuna. Picha ya eksirei ikaonyesha doa kwenye pafu la kulia, na kwa kuwa nimetoka Afrika, wakafikiri kama tulivyofikiri sisi: kifua kikuu. Kabla ya safari, Tanzania, tulipigwa picha ya kifua sote na yangu ilikuwa safi. Nilisema hivyo, sijui kama ilitafsiriwa. Makohozi yakapimwa, yakarudi hayana kifua kikuu, nami nikarudishwa nyumbani na doa langu bila jina. Wiki ya saba, kwenye kituo kingine cha afya, muuguzi mmoja mama wa makamo, mwenyeji wa hapa, hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza, "Hapa Arizona unafanya kazi gani?" Nikamwambia nachimba. Akaandika karatasi ya kupima damu papo hapo.

Jibu lilipotoka, mkalimani wa simu alinitafsiria: "Daktari anasema una Homa ya Bonde la Ufa." Moyo ulinilipuka. Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 homa hiyo ilipoingia Kenya na Tanzania tuliisikia redioni pale kambini, watu wakaacha nyama. Ni ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbu. Nikamwambia daktari sijagusa ng'ombe wala mbuzi tangu nitoke Afrika. Daktari hakuelewa ng'ombe wametokea wapi. Tulipoteza dakika nyingi mpaka muuguzi akaligundua kosa. Huku wanauita Valley Fever, Homa ya Bonde, na bonde lenyewe ni la San Joaquin, California. Hauhusiani kabisa na ule wa Bonde la Ufa. Ndugu mnaotafsiri hospitalini, tafadhalini mliangalie hilo.

Chanzo chake ni kuvu inayoitwa Coccidioides. Inaishi ndani ya udongo wa nchi kavu kama hii. Mvua ikinyesha inamea, ukame ukija inakatika vipande vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, udongo ukifukuliwa vinapaa, ukivuta pumzi vinaingia. Hauambukizwi mtu kwa mtu. Niliposikia sentensi hiyo nilimwomba mkalimani airudie, kisha nikampigia simu mke wangu palepale na kumwambia arudishe kikombe changu kabatini pamoja na vingine.

Takriban nusu au zaidi ya wagonjwa wote wa homa hii wanaoripotiwa Marekani wako Arizona, zaidi ya 10,000 kwa mwaka katika miaka mingi ya karibuni. Wengi wanaoivuta kuvu hii, kama sita katika kila kumi, hawaumwi kabisa, au huumwa kidogo wakapona wenyewe. Lakini sisi watu weusi, pamoja na Wafilipino, wajawazito na wenye kinga dhaifu, tuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kutoka mapafuni na kusambaa kwenye mifupa, ngozi, hata utando wa ubongo. Wangu haukusambaa. Nilimeza flukonazoli, dawa ya kuua kuvu, kwa miezi sita, midomo ikakauka na kupasuka, nywele zikapungua, uchovu ukaniacha baada ya karibu mwaka. Antibiotiki zote zile za mwanzo haziui kuvu. Nilikuwa nameza bure.

Na hapa ndipo nilipokosea. Miaka miwili niliuogopa ule ukuta wa Julai, nikafunga madirisha, nikaweka taulo mlangoni, nikajiona mwenye akili. Kumbe hata siku isiyo na upepo mtaro mmoja unatosha. Sijui pumzi iliyoniumiza niliivutia wapi, huenda ni siku ile ya video, huenda njiani, ila siku nilizokula udongo saa nane mfululizo zilikuwa kazini.

Niliporudi kazini sikuweza kubeba vitu vizito. Niliomba niendeshe boza, nikapewa. Mwaka mmoja na nusu kazi yangu ikawa kunyunyiza maji mbele ya tingatinga. Mara mbili msimamizi alitaka waanze kabla sijamaliza mzunguko, nikasimamisha boza mbele ya mashine nikamwonyesha kanuni kwenye simu. Hakufurahi. Nilipomsimulia Mama, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Marekani nzima na pesa zao," akasema, "wanafanya nilichokuwa nafanya na kikombe."

Jambo moja bado linanisumbua. Ninapopita I-10 kuelekea Casa Grande naona mashamba mengi zaidi yaliyolala wazi kuliko nilipoanza. Wakulima wa wilaya ya Pinal walikuwa wanapata maji ya Mto Colorado kwa mfereji mrefu unaokata jangwa. Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza uhaba wa maji katika mto huo kwa mara ya kwanza, na kuanzia Januari 2022 mgao wa mfereji huo ukapunguzwa, mzigo mkubwa ukiwaangukia wakulima hao. Shamba lililolimwa halafu likaachwa ni baya kuliko jangwa lenyewe. Jangwa ambalo halijaguswa lina gamba juu yake, gumu, limefumwa na vijidudu na mwani kwa miaka mingi, na linashikilia udongo usipeperuke. Gurudumu moja la gari likipita, gamba huvunjika, na kupona kwake huchukua miaka. Naona vijana wakicheza na pikipiki za jangwani Jumamosi na nyuma yao mkia wa vumbi kilomita nzima, na ninasimamisha gari kuwatazama kwa uchungu, nikiwaza ni nyumba zipi zitaipata hiyo pumzi.

Kila mwaka napigwa picha ya kifua. Doa halijaondoka. Lilinywea likawa kovu, kama punje ya maharage, na daktari anasema litabaki hapo. Kwa macho ya daktari asiyenijua linaweza kufanana na kifua kikuu au saratani. Kwa hiyo nina karatasi kwenye pochi, imekunjwa mara nne, inayosema kwa Kiingereza nini kilinipata na mwaka gani. Mwezi uliopita mpwa wangu aliyefika kutoka kambini alipata kazi yake ya kwanza. Ni ya kuchimba. Nilimnunulia barakoa boksi zima, na usiku kabla hajaanza nikamwandikia karatasi yake, yenye maneno mawili tu ya kumwonyesha daktari akianza kukohoa: Valley Fever. Aliitia kwenye pochi bila kuuliza maswali, akaniuliza kama kweli atalazimika kuivaa ile barakoa kwenye jua.

Nikamwambia ndiyo, na boza likichelewa, akae kivulini alisubiri.